Kijiko cha Imani

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kwenye chumba cha nyuma cha Profesa, nimeshika kifuniko cha ndoo, mdomo wazi. Wewe uliyekosa gazeti, au uliyelikuta limeshafungiwa sabuni, nakufupishia.

Mimi ni mpishi wa dawa kwenye duka la Profesa. Si daktari, si mganga, ni mpishi. Namenya mizizi, nakata, naanika, nachemsha kwenye sufuria kubwa mpaka maji yabaki theluthi, nachuja kwa kitambaa, natia kwenye chupa. Dawa yenyewe ni ya watu wanaotaka kuacha unga. Mtu akiacha unga, mwili unamgeuka. Anatetemeka, anatapika, mifupa inamuuma mpaka anaomba kufa. Wenyewe wanaiita arosto. Dawa yetu ilikuwa inakata arosto kwa nusu saa. Watu walikuja wamebebwa wakaondoka wanatembea.

Mmojawapo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Waya. Miaka sita unga ulimla akabaki macho. Nilimpeleka mwenyewe kwa Profesa, nimemshika mkono. Wiki saba anakunywa dawa yetu. Amenenepa, amerudi kazini, anamwamkia mama kila asubuhi.

Sasa ile ndoo. Ndani yake niliona unga mweupe, na juu ya unga vipande vya vidonge ambavyo havijasagika vizuri. Hakuna karatasi, hakuna jina. Pembeni yake, mashine ndogo ya kusagia kahawa.

Haya, endelea nami. Ila kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Nilikuwa bado nimeinama pale Profesa alipoingia. Uprofesa alijipa mwenyewe, shule aliiona kupitia dirishani. Ana koti jeupe lenye kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja inayoandika.

"Mpishi," akasema kwa upole, "nani kakuambia ufungue hapo?"

"Kifuniko kilikuwa kimelegea. Hii nini, Profesa?"

"Kiungo."

"Kiungo gani kina mstari katikati kama kidonge?"

Alikichukua kifuniko mkononi mwangu, akaifunika ndoo taratibu, akaifuta vumbi.

Lazima niwaeleze jambo hapa ili mnicheke vizuri. Kila siku nikishamaliza kuchuja, Profesa alikuwa anaichukua sufuria na kujifungia nayo chumba cha nyuma kuinuizia dawa. Dakika kumi. Ilikuwa marufuku kukaribia mlango, eti maneno yale yakiingia sikio lisilohusika, dawa inapoa. Nilikuwa namsikia akinuiza kwa sauti ya juu, na chini ya sauti yake kuna mngurumo. Miezi minane nilidhani ule mngurumo unatoka kooni mwake. Nilimheshimu sana mtu yule kwa sababu ya lile koo.

Kumbe ni mashine ya kahawa. Mjinga mimi!

"Vidonge vya nini?" nikamuuliza.

"Vya maumivu."

"Vinaitwaje?"

"Vinakuja kwenye mfuko, mwanangu, na mfuko hauna jina. Mwezi huu vinakuja hivi, mwezi ujao vinakuja vingine. Mimi napima kwa kikombe."

"Kikombe cha chai?"

"Cha kahawa," akajibu, ameudhika kidogo, kama mtu aliyesingiziwa.

"Profesa, unawaachisha unga kwa kuwapa unga mwingine!"

"Nawapa utulivu. Hiyo mizizi yako si uongo, inatuliza tumbo, inaleta usingizi kidogo. Lakini inataka siku kumi, na mtu mwenye arosto hana hata saa moja. Mwaka wa kwanza niliwapa mizizi mitupu. Walinitapikia hapa sakafuni, wakaondoka, wakarudi kwa muuza unga. Tangu nitie kiungo, nani karudi kwake? Nitajie mmoja."

"Wanarudi kwako."

"Sasa si ndiyo salama?"

Alisema hivyo huku anatabasamu, na meno yake yalikuwa masafi. Nikavua aproni, nikaitupa chini, nikamtemea mate. Sijawahi kumtemea mtu mate tangu nizaliwe. Yalitua kwenye kiatu chake cha kulia, na yeye akayafuta kwa kusugua nyuma ya mguu wa suruali, bila haraka.

"Utarudi," akasema. "Leo Jumatatu. Jumatano utakuwa hapa kabla sijafungua mlango."

"Labda nikija kukuzika."

"Siri ya mtungi aijuaye kata, Mpishi. Na kata ni wewe."

Sikumwelewa. Nilidhani ananitishia kwamba polisi wakija tutafungwa wote wawili. Nikatoka nje nimefura.

Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa mama wa mshonaji, chupa iko kwenye kikapu chake tayari. Mwanawe anashona nguo za shule, yaani alikuwa anashona kabla ya unga. Mama huyu ndiye mteja aliyenisumbua kuliko wote siku ya kwanza. Alikuwa ameshatapeliwa na waganga wanne. Alikataa dawa isimguse mwanawe mpaka nionje mimi.

Na kuonja ilikuwa kazi yangu hasa. Pale kwetu dawa haikabidhiwi mgonjwa mpaka mpishi anywe kijiko kimoja kutoka chupa ile ile, mbele ya mgonjwa na ndugu zake, halafu afungue mdomo waone ameimeza. Profesa alikiita kijiko cha imani. Kila chupa, kila siku, hata kwa wateja wa zamani. Nikishaonja nafuta kijiko kwenye aproni, nasubiri mwingine. Mama wa mshonaji alinionjesha mara mbili, akaniangalia kooni, ndipo akasema, "Nimekuamini wewe, mwanangu. Huyo mwenye koti simjui."

Sasa akaniona natoka macho mekundu.

"Mwanangu, unalia?"

"Moshi, mama."

"Pole. Mwambie Profesa awawekee dirisha."

Akanyanyua kikapu chake akaenda zake, na mimi nikamwacha aende. Sikumwambia. Mnaweza kusema nilimwonea huruma mwanawe, kwamba akikosa dawa jioni ile angeanza kutetemeka. Hata mimi nilijiambia hivyo njiani. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mdomo ulioonja mbele yake ndio huo huo ungepaswa kusema.

Nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya jikoni, zilipo chupa za Waya. Zilikuwa tatu. Nikaanza kuzimwaga kwenye karo.

"We mtoto!" Mama alikuwa mlangoni na fagio. "Mbona unamwaga dawa ya mwenzio?"

"Imeharibika, mama. Nitaleta nyingine."

"Imeharibika vipi na jana kainywa?"

"Mama, nani mpishi hapa, mimi au wewe?"

Akasonya, akaendelea kufagia. Nilimwaga chupa mbili. Ya tatu sikuimwaga. Niliificha kabatini, ndani ya mkoba wangu wa harusi, ule ambao sijaugusa tangu mwenye harusi aniache. Nilisema moyoni: huu ni ushahidi. Nitaupeleka kwa wakubwa, wapime, Profesa akamatwe.

Ushahidi. Kumbukeni hilo neno, mtalihitaji.

Jumanne mchana nikaamka na mafua. Mafua yenyewe hayakunishangaza. Miezi ya karibuni nilikuwa nayapata kila Jumapili, siku ambayo duka linafungwa, na mama alikuwa akinitania: "Wewe kazi inakupenda. Ukiikosa siku moja unaumwa." Lakini ya Jumanne hii yalikuja na jeshi. Pua inachuruzika, machozi yanatoka bila kilio, vinyweleo vimesimama na jua linawaka. Miayo ndiyo usiseme. Napiga mwayo taya inalia.

Waya alikuwa amerudi kutoka kazini mapema, analalamika tumbo. Tukakaa mezani na mama, chai na mkate. Mimi nikapiga mwayo. Yeye akapiga mwayo. Mimi tena. Yeye tena.

"Mnapokezana?" mama akauliza. "Mmekula nini nyie?"

Waya hakucheka. Alikuwa ananitazama machoni, ananitazama sana, kama anavyotazama waya ulioungua kutafuta ulipoanzia.

"Dada, njoo nje kidogo."

Tukasimama uani, karibu na kamba ya nguo.

"Dada, unatumia nini?"

"Situmii kitu. Mafua."

"Mafua hayo nimeugua miaka sita," akasema. "Nyoosha mkono."

Nikanyoosha. Ulikuwa unatetemeka. Akaushika, akapitisha kidole juu ya vinyweleo, akauachia.

"Unatumia nini?"

Hapo ndipo hesabu ilipokuja, nimesimama na kanga ya mama inanipiga usoni kwa upepo. Mgonjwa wetu anakunywa vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni. Sita. Mimi, kijiko kimoja kwa kila chupa inayotoka. Kwa siku zinatoka chupa kumi na tano, siku nyingine ishirini. Miezi minane. Katika duka lile zima, mgonjwa mkubwa kuliko wote nilikuwa mimi, na nilikuwa nalipwa kwa kuugua.

Ndiyo maana alisema kata ni mimi. Alijua, mshenzi yule! Kila Jumatatu asubuhi nikifika na mafua yangu, alikuwa ananiambia kwa upole, "Anza kuonja, Mpishi, wateja wanasubiri," na kwa chupa ya tatu mafua yamekwisha. Nikawa naisifia dawa yetu kwamba inatibu mpaka mafua.

Nilitapika pale pale, juu ya beseni la mama. Waya alinishika mabega. Fikiria kinyaa hicho, yeye ndiye ananishika mimi.

Nikamwambia yote. Ndoo, mashine, kikombe cha kahawa. Nilitegemea apige kelele, apasue kitu. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akajifuta pua.

"Nilijua, dada."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza, ilipogusa tu ulimi. Mizizi haikati arosto kwa nusu saa. Mimi ni teja, si mtoto."

"Ukanyamaza?"

"Nilikuona wewe umeonja kwanza. Nikadhani unajua. Nikasema, dada kaniamulia, kuliko kufa mtaroni kwa unga wa mtaani, bora hiki kinachopikwa na mkono wake. Atanipunguzia kidogo kidogo mpaka niishe. Nilikuwa nakuombea, unajua? Kila siku nikinywa nakuombea."

Msomaji, kuna matusi ambayo mtu akikutukana unalala vizuri. Hayo maneno ya kuniombea yamekataa kunitoka masikioni mpaka leo.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Tukae nayo. Siku tano, sita. Tukishikana tutapita. Umemwaga zote?"

"Nimemwaga zote."

Nilijibu haraka. Sikufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe.

Saa tisa alasiri nilijifungia bafuni na mkoba wa harusi.

Nitalisema hili mara moja tu, msiniulize tena. Kijiko kimoja tu, nilijiambia. Nipate nguvu ya kumuuguza Waya, maana nyumba haiwezi kuwa na wagonjwa wawili na bibi kizee. Nikanywa kijiko. Halafu nikanywa kingine. Halafu nikaweka kijiko pembeni, nikanywa na chupa yenyewe, uchungu ule unashuka, mizizi niliyoimenya kwa kucha zangu, na ndani yake kile kitu cha yule mtu. Niliichukia inavyonuka. Niliilamba mdomoni mwa chupa.

Nilipotoka mafua yalikuwa yamekwisha. Waya alikuwa amejikunja kwenye mkeka, magoti kifuani, jasho limelowanisha shati. Akanyanyua macho.

"Dada, hakuna hata tone? Hata lililobaki chini ya chupa?"

"Hakuna, mdogo wangu. Kaza moyo."

Nilimwambia akaze moyo na ladha ikiwa bado ulimini. Nikakaa karibu naye, nikamkanda miguu, nikamfuta jasho, dada mwema kabisa. Mama alinitazama akasema, "Mungu akulipe, mwanangu."

Jumatano asubuhi nilikwenda dukani kwa Profesa.

Ndiyo, nilikwenda. Kabla ya saa ya kufungua, kama alivyotabiri. Nilijiambia nafuata ushahidi zaidi. Nikisikia tena hilo neno nitajipiga kofi mwenyewe.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli jipya. Nikachungulia dirishani. Sufuria haipo. Ndoo haipo. Rafu tupu, na ile aproni yangu bado iko sakafuni nilipoitupa. Profesa alikuwa ameshafunga virago.

Kwenye benchi walikuwa tisa tayari, wengine wamelala chini. Mmoja alikuwa anagonga kisogo ukutani, taratibu, bila kuacha. Harufu ya matapishi ilikuwa mpaka barabarani. Mama wa mshonaji alikuwa amempakata mwanawe mzima, mtu wa ndevu, anamfuta mdomo kwa ncha ya kanga. Juzi chupa yake ilikuwa na dawa ya wiki, na sasa haina kitu. Baadaye nilisikia mwanawe aliimaliza yote kwa siku moja.

"Mpishi amefika!" mtu akasema, na wote wakainua vichwa.

"Fungua, mwanangu," mama wa mshonaji akasema. "Tunakufa hapa."

"Sina ufunguo, mama."

"Basi pika. Si unajua kupika?"

"Nakuja," nikasema. "Nakuja sasa hivi." Nikageuka, nikaondoka natembea, na nilipopinda kona nikakimbia.

Nyumbani nilisikia sauti ya mama kabla sijafika mlangoni. Waya alikuwa ameanguka. Macho yamegeuka juu, povu mdomoni, mwili unapigapiga sakafuni. Mama amemshika kichwa analia, "Mwanangu, mwanangu." Jirani yetu muuza maziwa alikuja na gari lake, tukampakia kati ya madebe.

Kwenye kituo cha afya sista mmoja mnene, mkali, alimpokea, akamchoma sindano, akamweka dripu. Degedege likakoma. Kisha akanivuta kando.

"Alikuwa anatumia nini?"

"Dawa ya mizizi."

"Mizizi haiangushi watu wanne kwa asubuhi moja. Nimeshapokea watatu kabla ya ndugu yako, na kila mmoja ananiambia mizizi. Mizizi huenda ina faida yake, kuna watu wanaichunguza, sitaitukana. Nauliza ndani yake kulikuwa na nini."

"Vidonge."

"Vipi?"

"Havina jina."

Akafumba macho kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Kuna vidonge ukivikatisha ghafla vinamwangusha mtu. Kuna vingine vinamwangusha kwa kuvizidisha. Tiba ya huyu si tiba ya yule, nikikosea namuua mimi. Hii sindano nimemtuliza kwa muda tu. Nahitaji kujua. Kuna chupa imebaki popote?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, ameshika viatu vya Waya mapajani.

"Alizimwaga," mama akasema. "Nilimwona."

"Ipo moja," nikasema.

Mama akageuza shingo. Alinitazama tu, na nilijua anahesabu: jana Waya kajikunja kwenye mkeka, anaomba tone.

"Ilete," sista akasema. "Maabara watahitaji ya kutosha, wapime zaidi ya mara moja. Usiifungue, usiipunguze. Kimbia."

Nilikimbia. Kabatini nikautoa mkoba, nikaitoa chupa, nikaiinua dirishani. Dawa ilikuwa imebaki vidole viwili. Vidole viwili! Chupa nzima ya ushahidi, na mimi ndiye panya. Nilifikiri kuongeza maji. Naapa nilifikiri, nilifika mpaka kwenye ndoo, nikashika kata. Nikaiweka chini. Hilo moja tu ndilo jema nililofanya wiki nzima.

Njiani mafua yakaanza kurudi. Pua, miayo, vinyweleo. Kifuani nimekumbatia chupa, na kila hatua nasikia dawa inacheza ndani yake.

Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Wale wa kwenye benchi wote walikuwa wameletwa pale, na ndugu zao, na ndugu wa ndugu zao. Nilitaka kupita pembeni, kwa mlango wa nyuma. Sikuwahi.

"Huyu hapa!"

"Ndiye mwenyewe!"

"Huyu ndiye aliyekuwa anaonja!"

Walinizunguka. Hakuna aliyenipiga. Nilitamani wanipige. Mama wa mshonaji akapenya katikati yao, macho makavu. Mkononi alikuwa na kijiko, kijiko cha nyumbani kwake, kile alichokuwa akimpimia mwanawe.

"Hiyo uliyokumbatia nini?"

"Ni dawa, mama. Napeleka maabara. Naomba nipite, mdogo wangu..."

"Mwanangu yuko humo ndani, hanijui mimi mama yake. Wanasema ni sumu. Ni sumu?"

"Mama, niache nipite."

"Nilikuamini wewe. Si mwenye koti, wewe. Ulifungua mdomo nikaona." Akaninyooshea kijiko. "Kama ulikuwa unaimeza kweli, imeze tena. Onja."

"Onja!" mtu nyuma akadakia.

"Aonje! Aonje tumwone!"

Dirisha la wodi likafunguliwa, sista akatoa kichwa. "Yuko wapi yule dada wa chupa? Ndugu yake ameanguka tena! Mpisheni apite!"

Hakuna aliyenipisha. Hakuna aliyemsikia, ila mimi. Kijiko kilikuwa kimenyooshwa mbele ya pua yangu, na watu arobaini wanasubiri kuniona nikiogopa. Walidhani wananiadhibu. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mate yalikuwa yamenijaa mdomoni, kwamba vidole viwili vile ndivyo nilivyokuwa nikivililia tangu kona ya kwanza, na kwamba sasa walikuwa wamenipa sababu.

"Onja, mwanangu," mama wa mshonaji akasema tena, taratibu.

Nikatazama dirishani. Sista hakuwepo tena. Alikuwa amesimama mama yangu, na alikuwa anatazama mkono wangu.

Nami nikautazama. Kizibo kilikuwa kimeshafunguka.